Kipimo cha Kwamsanja

Hii nimeletewa, na mimi naileta kwako kama ilivyo. Ukiimaliza, mtumie kiongozi yeyote unayemjua anayependa kusema "sisi hapa tuna utaratibu wetu". Akikasirika, vizuri. Hata mimi nimekasirika.

Palikuwa na mji mdogo uitwao Kwamsanja, na ndani yake fundi mmoja wa mabomba, Shemdoe, mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye ulimi mkali na mikono isiyokosea. Mabomba yote ya zimamoto ya mji ule, kumi na moja kando ya barabara, aliyafunga yeye. Ukubwa wa midomo yake haukuwa wa Shemdoe wala wa Kwamsanja. Ulikuwa kipimo kilichokubaliwa na nchi nyingi, ili gari la zimamoto litoke litokako, lifike, lifunge mpira, maji yatoke. Basi.

Ukaja mwaka wa ukame. Magari ya maji ya mji jirani wa Lungwi yakaanza kuja alfajiri kujaza kwenye mabomba yale. Mwenyekiti wa mji, Bwana Mkomwa, akaitisha mkutano na kutangaza kwamba maji ya Kwamsanja yanaibwa. Dawa aliyokuja nayo ilikuwa moja: midomo ya mabomba ikerezwe upya, iwe na ukubwa usiopatikana popote pengine duniani, na mpira wa gari la Kwamsanja peke yake ndio uingie. Watu wakapiga makofi. Wengine walisimama kabisa.

Shemdoe alichemka. Aliwauliza kwa nini balbu waliyoinunua mji wa mbali inaingia kwenye taa za nyumbani kwao. Kwa nini mtungi wa oksijeni hospitalini unafungwa na muuguzi ambaye hajawahi kumwona aliyeutengeneza. Kwa nini kontena linashushwa melini na kukaa juu ya lori la mtu mwingine kabisa bila kukatwa kona. Akasema watu waliokuwa wakigombana kwa kila kitu walikaa chini wakakubaliana hayo, kwa sababu kuna siku mtu hana muda wa kupima.

"Fundi," Mwenyekiti akamjibu, "hivyo vipimo ni vya wageni. Sisi hatuburutwi na mtu. Kazi yako wewe ni kukereza. Kereza."

Akakereza. Siku nne mfululizo alisimama kwenye mashine akitukana chini kwa chini, akiongeza milimita sita kila mdomo. Watu wa Lungwi walipokuja tena mipira yao ikagoma, na mji mzima ulicheka wiki nzima.

Miaka miwili ikapita. Ijumaa moja mchana moto ukaanza sokoni, kwenye jiko la muuza chapati. Upande wa nguo ulikuwa mbao tupu, na huko ndiko alikokuwa mke wa Shemdoe, Mama Hiza, na duka la vitenge alilolijenga kwa miaka kumi na tisa. Gari la zimamoto la Kwamsanja lilikuwa gereji mji wa mbali kwa mwezi wa tatu sasa, injini imeshushwa, na mpira wake umo humo humo. Wakapiga simu Lungwi.

Haki ya Mungu, Lungwi walikuja. Magari mawili, dakika ishirini na tano. Kwa maji waliyokuja nayo waliwatoa watu wote, Mama Hiza akiwa wa mwisho mwisho, kisha matangi yakakauka na zaidi ya nusu ya soko bado ilikuwa nzima. Kiongozi wao, Afande Mwanahawa, akakimbia na mpira hadi bomba la karibu. Ukagoma. Akakimbilia la pili. Shemdoe alikuwa nyuma yake, anajua jibu. Karakana yake ilikuwa hatua mia tu kutoka pale, lakini umeme ulikuwa umekatwa kwa sababu ya moto, na mashine ya kukereza haizunguki kwa hasira.

Maji yalikuwa yamejaa kwenye mabomba chini ya miguu yao. Walisimama juu yake wakaangalia soko likiisha.

Kesho yake Mwenyekiti alisimama mbele ya majivu na, bila haya, akaanza kuwalaumu Lungwi kwa kuja na vifaa visivyofaa. Shemdoe akasikia damu ikimpanda kichwani. Alipasua katikati ya watu, akasema mpira unaofaa dunia nzima hauwezi kuwa mbovu Kwamsanja peke yake, na aliyeliteketeza soko ndiye huyo aliyeshika kipaza sauti. Umati ukaanza kumzomea Mwenyekiti, wale wale waliopiga makofi.

Afande Mwanahawa, masizi bado usoni, akainua mkono mpaka wakanyamaza.

"Yale maji ya mwaka wa ukame," akasema, "mnajua tulikuwa tunayapeleka wapi? Wodi ya wazazi, hospitali ya Lungwi. Ninyi hapa hamna hospitali. Nusu ya waliolazwa mle walikuwa wake zenu na binti zenu."

Shemdoe akahesabu miezi. Binti yake mwenyewe alijifungulia Lungwi mwaka ule, baada tu ya yeye kumaliza kukereza. Alirudi akilalamika kwamba mtoto aliogeshwa kwa kikombe kimoja cha maji, na Shemdoe akawatukana watu wa Lungwi kwa uzembe.

Jioni alifika nyumbani akiwa bado anamlaani Mwenyekiti kwa sauti, toka mlangoni. Mama Hiza alikuwa amekaa kwenye mkeka, hakumwangalia.

"Ulipokuwa unakereza," akamuuliza, "ulijua yatatokea haya?"

"Nilijua."

"Na ungekataa, ni nani mwingine mjini hapa angeweza kuifanya ile kazi?"

"Hakuna."

"Basi usinitajie tena jina la Mkomwa humu ndani."

Funzo: Ukikivunja kipimo kinachotumiwa na wote ili jirani asifaidike, siku ya shida yako jirani atakuja na atashindwa kukusaidia, na fundi aliyejua hivyo akakubali kuamriwa, lawama ni yake pia.