Mlango Uliosimama Peke Yake

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majiko yao, fisi walianza kuiba vitoto. Tembo, Nyati na Kifaru wakaitisha baraza. Wakapanga boma moja la wote: Tembo alete nguzo, Nyati alete miiba, Kifaru achimbe mtaro. Bi Digidigi, mjane mwenye mapacha wachanga, akapewa mlango, maana ni mdogo.

Mpango ulikuwa mtamu, ukapigiwa vigelegele. Kila mmoja akarudi kwake moyo mweupe. Nyati akaona ua wake wa zamani hauna kazi tena, akaufanya kuni. Tembo akawaachisha kazi walinzi wake, mtama wao akaupikia pombe. Kifaru yeye alilala.

Bi Digidigi alivunja kitanda chake, mbao akazitengenezea mlango.

Siku ya kuusimamisha alifika uwanjani akapigwa na butwaa. Hapakuwa na nguzo, wala mwiba, wala mtaro. Aliusimamisha mlango, akautia komeo, kisha akauzunguka bila kuzuiwa na kitu. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu na kichaka cha fisi kuliko zote.

Akaenda kwa Tembo. Tembo akasema miiba haijaja, nguzo za nini? Nyati akasema anangoja mtaro. Kifaru akafumbua jicho moja.

"Dada, mpango upo. Haraka ya nini?"

Kesho yake asubuhi Bi Digidigi alijificha nyuma ya kichuguu, akatia mdomo kwenye chungu kilichotoboka kitako, akalia kama fisi.

"Uuuu-wip! Uuuu-wip!"

Wee! Wakubwa walibeba watoto wao, du! du! du!, mbio mpaka bomani. Walimkuta Bi Digidigi keshafika, mapacha mgongoni. Akawafungulia mlango kwa adabu zote.

"Karibuni ndani."

Wakaingia. Kifaru akatazama kushoto, mbuga tupu. Kulia, mbuga tupu. Akauliza.

"Ndani wapi?"

"Ndani ya mpango, kaka."

Nawaambieni, siku hiyo hakuna aliyemngoja mwenzake. Tembo aling'oa miti, Kifaru akachimba kwa pembe, Nyati akaburuta miiba mpaka mdomo ukamtoka damu. Jua lilipozama, komeo likaingia, ka!

Ndipo fisi wa kweli wakaja. Walizunguka, wakanusa, wakachomwa na miiba, wakaondoka wakilia. Nyati akatega sikio.

"Mbona hawa wanalia vingine? Yule wa asubuhi alilia kama yumo chunguni."

Wote wakageuka, midomo wazi. Bi Digidigi alikuwa ameketi juu ya chungu kisicho na kitako, akiwanyonyesha mapacha wake.

"Yule wa asubuhi msimhofu," akasema. "Nimeshamfungia humu humu ndani."

Hadithi yangu imefika kwenye komeo, nami nafunga: boma la maneno halimzuii fisi.