Kiganja cha Ngedere na Chungu cha Kanga

Hadithi inabisha hodi.

*Ifungulieni, iingie.*

Imetoka mbali, ina njaa.

*Ikaribisheni jamvini.*

Basi sogeeni, nipakue.

Hapo kale, kale sana, mawe yalipokuwa bado machanga, wanyama walikuwa na nchi yao, na katika nchi hiyo walikuwa na migahawa. Msicheke. Wanyama wa siku hizo hawakula ovyo porini. Walipika, walipakua, waliketi jamvini, wakala kwa adabu.

Migahawa ilikuwa mitatu, yote kando ya njia iendayo kisimani.

Wa kwanza ulikuwa wa Fisi. Supu yake ilikuwa ya mifupa iliyochemshwa jana na juzi, nzi waliketi kabla ya wageni, na bakuli lake lilikuwa na tumbo dogo: ukiinama kulinusa, unaona mwisho wake. Wa pili ulikuwa wa Nungunungu, mzee asiyependa maneno. Mihogo yake ilikuwa mizuri, lakini aliyemsogelea alichomwa na miiba, kwa hiyo wageni wake walikula wamekaa mbali mbali kama waliogombana.

Wa tatu ulikuwa wa Kanga, mjane mwenye vifaranga.

Kanga alipika kunde na mtama. Jamvi lake lilikuwa safi asubuhi na mchana. Mgeni alilipa kwa mzigo wa kuni, na asiyeweza kubeba mzigo alileta kijiti, naye akala vilevile. Swala alikula kwake. Panya alikula kwake. Na Kobe, ambaye popote pale hufika chakula kimekwisha, kwa Kanga alikuta sahani yake imefunikwa.

Kwa Kanga kulikuwa na desturi moja. Hakuna aliyegusa chakula kabla ya kunawa. Mwenyewe alishika kata, akamimina maji mikononi mwa mgeni, huku akiimba:

*Nawa, mgeni, nawa,*
*maji ni haya, nawa;*
*chunguni hamna uchungu,*
*nawa, uonje sawa.*

Sasa mvua ikagoma. Ikagoma mwaka, ikagoma na mwaka wa pili. Kisima kikashuka, kikashuka, mpaka kamba ya ndoo ikaungwa kwa kamba nyingine.

Tembo, mkubwa wa nchi, akaita baraza. Akasema kisima hakiwezi tena kuwanywesha wanyama na kujaza vyungu vya migahawa mitatu. Miwili izimwe, mmoja ubaki. Utakaobaki utapewa maji ya kupikia, na nchi nzima itakula hapo mpaka mvua irudi. Wenye migahawa itakayozimwa watauacha ukingo wa kisima, waende mlimani wakajitafutie.

Kanga aliposikia neno mlimani, aliwatazama vifaranga wake. Mlimani hapakuwa na mbegu wala maji. Palikuwa na mawe na mwewe. Na mdogo wao, ambaye kwa udogo wake walimwita Kipunje, alikuwa bado hajajua kuparura.

Nani ataamua ni mgahawa gani ubaki? Baraza likamchagua Ngedere. Swala ana kwato, Kobe ana magamba, Tembo ana mkonga. Ngedere ana kiganja. Na mwenye kiganja ndiye awezaye kuonja kama wapishi waonjavyo: upawa unadondosha mchuzi kiganjani, ulimi unalamba, kichwa kinajua. Wakampa jina la Bwana Mwonjaji. Jina likampendeza, akatembea nalo kama aliyevaa kofia mpya.

Siku ya kuonja ikafika, na Ngedere akaanza kwa Fisi.

Fisi alikuwa amekwisha kujipaka asali mkono wa kulia. Akampokea mgeni njiani, akamshika mkono, asiuachie, akamwuliza habari za mke, habari za watoto, habari za mashemeji, hata wakafika. Ngedere alihisi mkono unanata. Akadhani ni jasho la jua.

Akaketi. Aliwaona nzi. Aliliona bakuli lenye tumbo dogo. Aliinusa mifupa ya juzi. Macho yalisema si pazuri hapa, pua ikasema si pazuri hapa. Lakini yeye alitumwa kuonja. Fisi akadondosha supu kiganjani, Ngedere akalamba. Tamu. Akalamba tena. Tamu. Akajiambia kwamba macho ni ya kishamba na pua ni ya porojo. Ulimi ndio mjuzi.

Fisi akasema mgeni hasindikizwi kwa macho. Wakaenda wameshikana mikono, kama marafiki waendavyo. Njiani palikuwa na mshubiri. Fisi akasema amechomwa na mwiba, akainama nyuma ya kichaka, akavunja jani, akalikamua mkononi mwake, akainuka, akamshika mgeni mkono tena.

Mnaujua mshubiri? Ndio ule mchungu ambao akina mama hujipaka titini mtoto anapoachishwa kunyonya.

Wakafika kwa Nungunungu. Mzee akaonyesha mtungi wa kunawia, Ngedere akatikisa kichwa. Akadondoshewa mchuzi wa mihogo, akalamba, uso ukakunjamana. Akasema mchuzi umeharibika. Nungunungu alisimamisha miiba yote, akageuka, akaingia ndani, wala hakutoka tena. Hasira ndiyo iliyokuwa utetezi wake, na hasira ni wakili mbaya.

Fisi alikuwa akingoja nje, mkono mbichi kwa utomvu wa mshubiri. Akamshika mgeni mkono, wakaenda.

Wakafika kwa Kanga. Jamvi lilikuwa limefagiliwa, vifaranga wameketi mstari mmoja, kimya, maana waliambiwa siku hii si ya mchezo. Kanga akachukua kata. Maji ya siku ile yalikuwa machache, na bado aliyatoa. Akaimba:

*Nawa, mgeni, nawa,*
*maji ni haya, nawa;*
*chunguni hamna uchungu,*
*nawa, uonje sawa.*

Ngedere akaurudisha mkono nyuma.

"Anawaye ni mlaji, Bi Kanga. Mimi sili. Mimi naonja."

"Mkono umetoka mbali, baba. Huwezi kujua umeshika nini."

"Unanifundisha kazi yangu?"

Mpishi atabishanaje na aliyeushika mlango wake? Akaiweka kata chini, akachukua upawa, akadondosha mchuzi wa kunde kiganjani mwa Ngedere. Ngedere akalamba.

Alitema. Alitema mbele ya vifaranga, juu ya jamvi.

Kanga akamwomba aonje tena kwa upawa. Ngedere akasema ameshaonja. Akamwomba aonje kesho. Akasema kesho ni ya wengine. Akaenda zake barazani, akawaambia wanyama maneno matatu: kwa Fisi ni tamu, kwa Nungunungu ni chungu, kwa Kanga ni chungu kupita shubiri. Wala hakuona ajabu kwamba neno shubiri ndilo lililomjia.

Asubuhi yake Kanga aliuzima moto wake mwenyewe. Alimwaga maji juu ya makaa, majivu yakaruka, yakatua mwilini mwake kotekote. Hakujipangusa. Ndiyo madoa meupe mnayoyaona kwa kanga mpaka leo.

Akaondoka na vifaranga wake kwenda mlimani. Kobe aliwasindikiza, lakini hakuwahi. Alipofika kwenye jamvi, walikuwa wameshapotea mawe mengi juu.

Nchi nzima ikala kwa Fisi. Mwanzo mzigo mmoja wa kuni ulipata bakuli moja. Kisha ikawa miwili. Mwenye kijiti alifukuzwa pamoja na kijiti chake. Wanyama walikula, wakashika matumbo, wakatazamana. Kila mmoja aliona supu inanuka. Lakini kila mmoja alidhani ulimi wake ndio mbovu, maana Bwana Mwonjaji alikwisha kusema kwamba ni tamu. Panya akamwambia mkewe kuwa labda wao ni washamba hawajazoea vyakula vya wakubwa. Mkewe akamjibu kuwa tumbo halina ushamba. Wakaenda tena kesho yake, kwa kuwa hapakuwa na pengine.

Ngedere mwenyewe hakuwa amekula kwa Fisi tangu siku ile. Wakubwa walimlisha majumbani mwao, wakitaka aseme neno zuri juu ya vyungu vyao. Lakini njaa ilipozidi, nyumba zikafunga milango, na Ngedere akaushika mzigo wake wa kuni kama wengine. Siku hiyo hakwenda kuonja. Alikwenda kula. Na mlaji hunawa. Hata Ngedere alilijua hilo. Akapita kisimani, akanawa.

Akaketi kwa Fisi, akachota supu kwa kiganja, akainywa. Ilikuwa imeoza.

Hakutema. Alikaa, akakitazama kiganja chake. Akaukumbuka ule unato. Akakumbuka mwiba wa Fisi, na kichaka, na mkono uliorudi ukiwa na umaji. Akakumbuka kata ya maji aliyoikataa. Akaliacha bakuli, akainuka, akaushika mlima.

Alimkuta Kanga kwenye kivuli cha jiwe. Amekonda, shingo imebaki ngozi, ndiyo maana hata leo haina manyoya. Kwenye mafiga madogo palikuwa na chungu, na ndani ya chungu mbegu za majani, chache, zilizochemshwa kwa umande uliokingwa mawe yakilia asubuhi.

Kanga hakumwuliza amefuata nini. Mgeni ni mgeni. Alichukua kibuyu, akammiminia maji mikononi. Safari hii hakuimba. Ngedere akanawa, akala. Chakula kilikuwa kitamu. Mbegu za majani, hazina chumvi, hazina nazi, zilikuwa tamu kuliko chochote alichokula tangu mvua igome.

Akawatazama vifaranga. Mstari ulikuwa mfupi.

"Bi Kanga, yule mdogo yuko wapi?"

"Maliza kula kwanza."

Akamaliza, kwa shida. Ndipo Kanga akasema:

"Kipunje hakufika mwezi. Kila siku aliniuliza, mama, ulikosea nini kwenye zile kunde? Nilifikiri, nikafikiri, sikuona. Amekufa akijua mama yake alipika vibaya."

Ngedere aliteremka mlimani akikimbia kwa miguu na mikono, akamwomba Tembo aite baraza, na baraza likajaa. Akasimama katikati, akainua kiganja.

"Uchungu haukuwa wa chungu," akasema. "Ulikuwa wa kiganja changu. Nilimhukumu Kanga kwa mkono usionawa."

Akaeleza yote: asali, mwiba, mshubiri. Fisi akacheka. Akauliza tangu lini kumsindikiza mgeni kumekuwa kosa katika nchi hii.

Tembo akamgeukia.

"Fisi, mama yako alipougua, ulimsindikiza hata kisimani?"

Kobe akasema, kwa upole, kwamba hata yeye hajawahi kusindikizwa na Fisi, ingawa ndiye msafiri asiyemchosha mtu. Wachache wakacheka, kisha wakaacha.

Tembo akaagiza chungu cha Fisi kiletwe, na maji yaletwe, machache hivyo hivyo. Kila mnyama anawe, kila mnyama aonje, na kila mmoja aseme la ulimi wake, si la ulimi wa mwingine. Wakanawa. Wakaonja. Nyuso zikakunjamana toka mwanzo wa baraza hadi mwisho. Na aibu ikawa kubwa kuliko hasira, kwa kuwa walikuwa wakijua siku zote.

Fisi akafukuzwa. Tangu hapo hula masalio, hula peke yake, wala hakuna anayempa mkono.

Moto wa Kanga ukawashwa tena kando ya kisima, na Nungunungu akapewa nafasi kwenye mafiga yaleyale, wapike pamoja kwa maji ya chungu kimoja. Ngedere akaomba aadhibiwe. Tembo akamwachia Kanga aamue, na Kanga akasema: ashike kata. Basi Ngedere akawa mwenye kunawisha wageni, asubuhi na mchana. Wageni walipomwuliza leo chakula gani kizuri, hakusema. Aliwaambia: naweni, mwonje wenyewe.

Siku moja Swala akamwuliza Kanga kama amemsamehe Ngedere. Kanga akajibu kwamba anampikia kila siku, na kwamba la zaidi asimwulize.

Na kila siku, wageni wakishakula, Kanga aliwapakulia vifaranga wake. Alipakua sahani zao zote. Kisha mkono wake ulikwenda tena penye sahani, ukashika moja ndogo, ukakaa kidogo, ukairudisha.

Wenzangu, hadithi hii inatufunza kwamba anayepewa kazi ya kuhukumu na anawe kwanza, maana neno la mwonjaji ni jepesi mdomoni mwake, lakini kwa mpishi ni zito kama jiwe la figa. Na wewe mlaji, usiutupe ulimi wako kwa sababu mkubwa amesema.

Hadithi imekula, imenawa, imeaga. Ikiwa tamu, tumeipika sote. Ikiwa chungu, chungu ni changu.