Spika za Mninga

"Sauti ya dukani haihamii nyumbani." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Mboni, aliyekuwa akimsifu kijana aliyemwona kwenye sherehe, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi. Na wewe Mboni, acha kununa, usikilize.

Hapa Muheza alikuwapo seremala mjane, Mzee Shemdoe. Alikuwa na spika mbili za mninga alizozitengeneza mwenyewe, na kanda moja ya marehemu mkewe akiimba. Binti yao, Namsifu, alifiwa na mama kabla hajajua kutembea. Wiki ya harusi yake aliomba jambo moja tu, amsikie mama kabla hajatoka kwao. Na wiki hiyohiyo amplifaya ya mzee, mashine ya kuzipa spika sauti, ikafa.

Mzee akaenda kwa Shaame, muuza vyombo vya muziki vya mitumba. Zilikuwapo amplifaya mbili za zamani. Moja kubwa, taa tele, mishale ya kupimia sauti inacheza. Ya pili ndogo, imechubuka, haina hata sura ya kuuzika. Ile kubwa ilipowashwa, wapita njia walisimama.

"Hizi ni spika za duka, mzee wangu," Shaame alisema. "Lete za kwako tujaribu."

Mzee alikataa. Mnawajua watu wetu: nyumba yenye harusi ikitoa chombo nje, mtaa mzima utasema wanauza vitu ili walishe wageni. Akachukua ile kubwa, yaishe.

Nyumbani, Namsifu ameketi mkekani, mzee aliiunganisha, akaweka kanda kwenye deki yake. Spika zikanguruma. Sauti ya mama ikasikika kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, kisha ikatoka harufu ya kuungua. Mzee alizima. Spika moja ilikuwa imekufa. Je, ya pili? Na kanda? Aliitoa akaigeuzageuza.

"Baba, basi, tuache," Namsifu alisema, na machozi yanamtoka.

Mzee aliogopa kujaribu tena, akaogopa zaidi kuacha. Akatia kanda mfukoni, akajitwika spika iliyobaki, mchana kweupe, akapita nayo katikati ya mtaa.

"Shemdoe, mchele umeisha? Hadi spika unauza?" jirani mmoja alimpigia kelele. Mzee akazidi kutembea.

Dukani Shaame aliunganisha ile ndogo na spika ya mzee, akaweka kanda kwenye deki ya duka, akafungua sauti taratibu mno. Mzee alifumba macho akingojea ngurumo. Haikuja. Alimsikia mkewe akikohoa kidogo, karibu kabisa, kama yuko kaunta.

"Zima," mzee alisema haraka. "Mwenye kusikiliza yuko nyumbani."

Akaichukua ile ndogo, akarudi nayo pamoja na spika kichwani, majirani wakimfuata hadi mlangoni kuona kulikoni. Akawasha. Kwenye kanda kitoto kilikuwa kinalia, kisha mama akasema, "Namsifu, mwanangu, nyamaza kidogo, mama anaimba."

Namsifu akafuta machozi, akanyamaza.

Wimbo ulipokwisha, jirani yule akauliza kwa aibu kwa nini ile kubwa ilishindwa, nayo dukani ilitikisa mtaa. Mzee akamjibu kwa maneno hayo mliyoyasikia leo.

Basi, Mboni, kijana wako ulimsikia huko kwenye sherehe. Mlete hapa, akae na sisi, ale ugali wetu, tumsikie. Sauti ya dukani haihamii nyumbani.