Kibwagizo cha Bwana Mselemu

Bwana Mselemu alikuwa amekitia kufuli kisima pekee cha mtaa. Harusi ya binti yake ilipokaribia, alimwita mpangaji wake Bi Zuwena, malenga mwenye ulimi wa asali.

"Nataka shairi la kunisifu. Mizani nane kwa nane, vina visiachane. Likichechemea, nyumba yangu utahama."

"Kibwagizo utakipokea wewe, Bwana, kisha wageni wakufuate," alisema Bi Zuwena. "Nikuletee kwanza ukisome?"

"Wanaosoma kwanza ni wanafunzi. Mimi nitakipima papo hapo."

Siku ya harusi, Bi Zuwena alimvika kilemba cha ukoka beti nzima nzima. Kibwagizo kilipotoka, Bwana Mselemu alikihesabu kwa vidole, akaona kimetimia, akakipokea kwa sauti ya kutikisa paa, mbele ya wakwe na kadhi. Ukumbi mzima ukamfuata.

Asubuhi akina mama walijaa langoni kwake na ndoo, wakikiimba:

"Kisima changu ni chenu, lango halifungwi tena."

Bwana Mselemu alitoka mbio. "Jana nilikuwa nahesabu mizani tu."

"Na zilitimia, Bwana," alisema Bi Zuwena, akinyoosha mkono apewe ufunguo.