Kontena la Mzee Kajiru

Kupaka kontena rangi si kulihamisha. Ndivyo mwenyekiti wa mtaa alivyowaambia vijana wa sokoni asubuhi, nanyi mkacheka, kisha mkaniandama mpaka kibarazani mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, na nilikuwepo, kwa hiyo asije mtu akawaambia vingine.

Hapa hapa chini ya milima ya Upare, Mzee Kajiru alinunua kontena kuukuu akaliweka mbele ya uzio wake, kando ya barabara. Kina mama wa kikundi cha tangawizi wakaomba kuhifadhia humo mavuno yao. Msimu ule lilikuwa na magunia sitini, yakisubiri lori la mnunuzi.

Halmashauri ikatoa sheria: kontena la kuhifadhia mizigo likae ndani ya kiwanja, mita tano kutoka barabarani. La Kajiru lilikuwa limekalia mtaro. Akaja afisa mipango miji, Bi. Tumwesige, akalichora X nyekundu.

"Siku kumi na nne, mzee wangu. Zikiisha, tunalibeba na vilivyomo."

Dawa ilikuwepo: kulisukuma ndani juu ya mirunda, yale magogo membamba ya kuviringisha. Lakini kati ya kontena na kiwanja kulikuwa na ua wa michongoma alioupanda Kajiru mwenyewe, akiupunguza kwa mkasi kila Jumamosi kama anayemnyoa bwana harusi. Kuutia panga? Hata kusikia hakutaka. Akajipa hesabu yake: kinachobebwa ni chenye X, basi X ikifutika, na amri imefutika. Akanunua rangi.

Alianza kwa kuifunika ile X. Mkono ukanoga. Akachora madirisha, mapazia ya maua, mlango wa mninga wenye kitasa, na paka kabisa kizingitini. Msinikodolee macho. Kuku wa jirani walirukia lile dirisha wakalale ndani, wakaanguka mmoja mmoja kama maembe. Shemeji yangu wa Gonja alibisha hodi mlangoni hadi vidole vikavimba, akaenda zake akisema watu wa mji huu wana roho mbaya.

Siku ya kumi na tano Bi. Tumwesige akarudi, winchi nyuma yake. Kajiru akasimama mbele, brashi mkononi.

"Karibu, mama. Siku hizi hii ni nyumba."

"Nzuri. Hata paka yupo." Akatoa futi kamba, akapima. "Mzee wangu, nyumba yako nayo imekalia mtaro. Vijana, fungeni mnyororo!"

Mama Nakiete, kiongozi wa kikundi cha tangawizi, akafika anahema. "Mwanangu, humo mna jasho letu la mwaka mzima. Tupe mpaka adhuhuri."

"Adhuhuri, mama. Ikipita, winchi linavuta."

Kina mama hawakumwomba Kajiru ruhusa. Mapanga kumi yakaingia kwenye ule ua.

"Jamani, michongoma yangu! Miaka kumi na miwili!"

"Shemeji Kajiru," akasema Mama Nakiete bila kuinua mgongo, "siku kumi na nne mkono wa brashi ulikuwa nao. Wa panga ulikuwa umemwazima nani?"

Magunia yakashushwa, mirunda ikatandikwa, tukasukuma. Mrunda wa tatu niliushika mimi. Walioniona wote wamekwisha kufa, basi mniamini tu. Muadhini alipokuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, Bi. Tumwesige akapima tena: mita tano na kiganja. Winchi likaondoka tupu.

Ua ulikuwa umelala chini wote. Kajiru akaokota tawi moja, akaligeuza geuza.

"Mngenipa siku mbili tu," akanung'unika. "Upande wa nyuma sikuwa nimeumaliza. Ningepaka..."

"Ungepaka nini tena?" Mama Nakiete akajifuta jasho kwa pindo la kanga. "Nisikilize, shemeji. Kupaka kontena rangi si kulihamisha."