Mishi na Mlezi wa Mchezo

Mwanamke mmoja alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyemwonea haya. Mwanamke huyo, Mishi, alikuwa mkulima wa mwani, na baharini aliingia kila siku kwa kazi. Siku moja alilala juu ya kipande cha ubao wa mvule, wimbi likambeba hadi mchangani, na tangu hapo hakuacha. Alijifunza kupiga magoti juu ya ubao, kisha kusimama. Alianguka, akameza maji ya chumvi, akarudi.

Watu walisema ameingiwa na wazimu. Mdogo wake, Kombo, alisema kuliko wote: Mwanamke mzima analala juu ya maji mchana kweupe, nguo zimemganda mwilini. Nani atamwoa, na sisi ndugu zake tutaonekanaje? Akauchukua ule ubao, akaupasua kwa shoka, ukapikiwa maharage. Mishi alilia. Kisha akachonga mwingine. Wenzake wa mashamba ya mwani wakamfuata, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, akawafundisha wote kupanda mawimbi.

Miaka ikapita, na mchezo ukapendwa. Wageni walikuja na mbao zao za rangi, vijana wa mjini wakajaa Jumamosi, redio zikautaja. Hapo ndipo Kombo alipogundua kwamba anaupenda. Akaunda chama, akawa mwenyekiti, akazungushia ufuo seng'enge na kuweka mlinzi langoni. Ndani waliingia wanachama tu.

Siku ya mashindano ya kwanza Mishi alikuja na ubao wake kichwani. Mlinzi akamzuia. Kombo akasogea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, leo kuna wakubwa. Usinitie aibu."

Mishi akageuka na ubao wake. Alizunguka hadi seng'enge inapoishia, akaingia majini na leso yake kiunoni. Likaja wimbi kubwa ambalo washindani wote walilikwepa. Yeye akalipanda, akasimama, akaja nalo mpaka mbele ya jukwaa. Watu wakainuka wakipiga makofi. Mgeni rasmi akauliza ni nani yule.

"Ni dada yangu," Kombo akasema upesi, kifua mbele. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mishi alikuwa ameshatoka majini, ubao kwapani, na alisikia kila neno.

"Basi ingia, Kombo," akasema. "Waone mwalimu wangu anavyofanya."

Kombo akaangalia viatu vyake. Akasema ana goti bovu. Wakubwa wakacheka kidogo, kama watu wanaocheka jambo la nyumbani kwa mwenzao, na shughuli ikaendelea. Jioni Kombo alikabidhiwa kikombe cha mlezi wa mchezo, akapigwa picha nacho. Mishi alikuwa ameshatolewa nje na mlinzi, kwa sababu hakuwa mwanachama.

Nanyi mnaonisikiliza, msinitazame kana kwamba Kombo ni mtu wa mbali. Niambieni: ni nani mliyemcheka alipokuwa akianza peke yake, ambaye leo mmesimama mahali pake mkipigiwa makofi?