Shtaka Lililopelekwa Hospitali

Sogeeni mbele, ndugu zangu, na walioko mlangoni wapate pa kukaa. Nanyi akina mama nyuma ya pazia, sauti isipofika, gongeni ukuta. Leo sina maneno mengi. Nina habari ya mama mmoja na mke wa mwanawe, na nikiimaliza tutatawanyika.

Mama huyo tumwite Bi Mwantumu. Alikuwa akikaa huko juu, milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mjane, mchapakazi, swala zake tano hazimpiti. Ulimi alikuwa nao mmoja kama sisi, ila ule wake ungetosha watu watatu. Mungu alimjalia mtoto mmoja wa kiume, Mbaruku, fundi seremala, na Mbaruku alioa binti aitwaye Hidaya.

Miaka miwili ya kwanza Hidaya alikuwa mkwe wa kujivunia. Jua likitoka limkute shambani kwenye viazi. Bi Mwantumu akienda kwenye shughuli za watu, sifa za mkwewe hazimwishi mdomoni. Halafu mambo yakabadilika, pole pole mno, hata hakuna aliyeweza kusema yalianza lini. Binti akawa anachelewa kuamka. Akiketi kumenya viazi, anasinzia kisu kiko mkononi. Ukimwita, anaitika baada ya muda, kwa sauti nzito kama mtu mwenye mafua. Leo amesahau chumvi, kesho maziwa yamefurika jikoni. Akanenepa, na chakula chenyewe anakigusa tu. Uso ukavimba. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Na baridi! Watu wanaanika maharage juani, masweta wameyavua, yeye kavaa mawili na khanga juu yake.

Sasa nawauliza: huyu mngemwita nani? Mgonjwa? Msinidanganye. Tunajua wote tungemwitaje.

Bi Mwantumu naye alimwita hivyo hivyo. Mvivu. Alimwita mbele ya majirani, na mwenyewe anasikia. "Mimi sikuletewa mkwe," alikuwa akisema, "nimeletewa godoro." Na mimba mbili za Hidaya zilipotoka, kwa hilo pia alikuwa na neno lake, ambalo humu ndani silirudii.

Msidhani alisema kwa roho mbaya. Aliamini. Alimwona mwanawe anarudi kazini na vumbi la mbao kichwani, anajisongea ugali mwenyewe, na moyo ukimchoma. Mama gani hapa usingemchoma? Ndipo akaita kikao cha ukoo. Baba wadogo waje, na watu wa upande wa binti waje, wachukue mtoto wao.

Mbaruku aliposikia, aliweka randa chini, akaja kwa mama yake.

"Mama, kabla ya kikao, mke wangu akapimwe kwanza."

"Apimwe nini? Uvivu una kipimo?"

"Akapimwe tu, mama. Nakuomba."

Bi Mwantumu akapiga hesabu zake. Daktari akisema huyu hana ugonjwa, nani atamtetea kikaoni? "Sawa," akasema. "Lakini nampeleka mimi. Nataka nisikie kwa masikio yangu haya."

Basi wakaenda, mama mbele, mkwe nyuma akivuta miguu. Daktari alikuwa msichana mwenye miwani, sawa na mjukuu wa mtu. Akamwangalia Hidaya, akamuuliza, "Unajisikiaje, dada?"

"Analala," Bi Mwantumu akajibu.

"Unasikia baridi kuliko wenzako?"

"Huku kwetu kila mtu anasikia baridi, daktari."

"Na choo, unapata vizuri?"

Hilo Bi Mwantumu hakulijua, na ndipo Hidaya akapata nafasi ya kusema. Choo, siku nne, siku tano. Ngozi inakauka, inapasuka. Miguu kama amefungiwa mawe. "Kazi naitaka, daktari," akasema. "Moyo unataka. Mwili haunisikii." Machozi yakamtoka, na hata hayo yalitoka polepole.

Daktari akasimama nyuma ya kiti cha Hidaya, akampapasa shingo kwa vidole, akampa glasi ya maji. "Piga funda, umeze." Kisha akawaeleza wote wawili. Hapa mbele ya shingo pana tezi ndogo, wataalamu wanaiita thairoidi, umbo lake kama kipepeo. Hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kasi gani. Ikifanya kazi kidogo, kila kitu kinapunguza mwendo: moyo, tumbo, akili, na mimba nayo huweza kutoka. "Tutampima damu tuhakikishe," akasema. "Lakini nikiwa sahihi, mama, huyu si mvivu. Anaumwa, na ameumwa muda mrefu."

Bi Mwantumu akahisi shtaka lake linamponyoka. "Shingo!" akasema. "Mtu analala mpaka saa tatu, tunaambiwa ni shingo. Shingo hata mimi ninayo!" Akavuta mtandio wake chini, akaichukua ile glasi, akapiga funda kubwa. "Haya, tazama na yangu. Mbona mimi nalima?"

Daktari akatazama. Akaweka kalamu mezani.

"Mama, meza tena."

Akameza tena.

"Hicho kivimbe cha upande wa kulia, unacho tangu lini?"

Ndugu zangu, Bi Mwantumu alikijua kile kivimbe. Alikijua miaka mitatu. Kilianza kama punje ya kunde, kikawa kama haragwe, siku hiyo kilikuwa kama ndimu changa. Kila akioga, mkono ulipita juu yake, ukapita haraka. Kisha mtandio unafunga habari.

"Hakiumi," akasema.

"Vingi haviumi," daktari akamjibu. "Ndiyo maana nataka kukipima."

Majibu yalichukua wiki mbili, na kikao kikasogezwa mbele kuyasubiri. Damu ya Hidaya ilionyesha kama daktari alivyodhani: tezi imelegea. Akaandikiwa kidonge kimoja cha kumeza kila asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni. Bi Mwantumu alikuwa amepigwa picha ya shingo, na kivimbe kikavutwa maji kwa sindano nyembamba. Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Vivimbe vingi vya mahali hapa si saratani, mama. Hiki chako ni saratani. Lakini hakijaenda mbali, na aina hii inatibika vizuri. Utafanyiwa upasuaji, tezi itolewe." Akamshika mkono. "Nikuulize kitu. Kama usingemsindikiza mkweo, ungekuja lini?"

Bi Mwantumu hakuwa mtu wa kusema uongo. "Nisingekuja," akasema.

Kikao kilikaa Jumapili iliyofuata. Baba wadogo wamevaa makoti, watu wa upande wa Hidaya wamekuja na nyuso za msiba. Bi Mwantumu akasimama. "Kikao hiki nilikiita mimi," akasema, "na nilikuwa na mashtaka. Mkwe wangu alikuwa anaumwa, nami nikamtukana mbele ya watu. Basi namwomba radhi mbele ya watu." Akageuka, akamwomba radhi kwa jina lake.

Baba mdogo mmoja akajikuna kichwa. "Shemeji, sasa sisi tumeitwa kufanya nini?"

"Kula," akasema. "Kuna pilau."

Miezi miwili baadaye walishuka Dar es Salaam kwa upasuaji. Nani alikwenda kumuuguza? Hidaya. Vidonge vilikuwa vimeanza kumrudisha. Uso umepungua, asubuhi anaamka mwenyewe. Upasuaji ukaenda salama, ila sauti ya Bi Mwantumu ilikauka kwa wiki kadhaa, na madaktari wakija, Hidaya ndiye aliyemsemea. Akimaliza kila jibu, humwinamia na kumuuliza, "Nimesema sawa, mama?"

Baadaye Bi Mwantumu akapewa dawa ya mionzi, ya kumaliza mabaki ya ugonjwa. Hiyo ina masharti: siku kadhaa unalala peke yako, vyombo vyako peke yako, watu wanakaa mbali nawe. Mtu mwenye ulimi kama ule, mfikirie. Hidaya akawa anaweka uji mlangoni, anarudi nyuma, anakaa kwenye kigoda mwisho wa ukumbi, na wanaongea hivyo, mmoja huku mmoja kule. Siku moja Bi Mwantumu akamuuliza kwa sauti yake ya mkwaruzo, "Mwanangu, wakati ule ulinichukia sana?"

Hidaya akafikiri. "Sikuweza, mama. Hata kuchukia kunataka nguvu."

Bi Mwantumu akacheka mpaka mshono ukamvuta, akashika shingo huku anacheka.

Leo hii wako nyumbani. Aliyetolewa tezi na mwenye tezi iliyolegea, dawa yao ni ile ile, na ni ya maisha. Kila asubuhi wanakaa jikoni, kila mmoja na kidonge chake na kikombe chake cha maji, kisha wanasubiri saa nzima ipite kabla ya chai. Saa hiyo ni ya kuongea. Mbaruku anasema siku hizi ndiyo saa yenye kelele kuliko zote nyumbani kwake. Bi Mwantumu anarudi kupimwa kila anapopangiwa, na mpaka sasa majibu ni mazuri. Na Hidaya ana mimba ya miezi sita. Dozi yake imeongezwa, maana mtoto naye anaitegemea.

Sasa nisikilizeni.

Nilikuwa nawatazama wakati nasimulia. Nilipoutaja ulimi wa Bi Mwantumu, niliona mabega yakigusana safu ya tatu. Nyuma ya pazia nimesikia mtu akicheka, na jina la mtu likatajwa kwa kunong'ona. Kila mmoja wetu ameshampata Bi Mwantumu wake. Ni jirani, ni wifi, ni mzee fulani wa msikiti. Na hakuna hata mmoja humu aliyepandisha mkono akapapasa shingo yake mwenyewe.

Hata mimi. Wakati naitayarisha habari hii nilikuwa na mtu moyoni, na yuko humu ndani, wala sikuwa najifikiria mimi mwenyewe.

Sisi ndivyo tunavyokuja kwa Mola wetu. Tunakuja na mafaili ya wengine kwapani. Ya Rabi, mtazame fulani, mvivu. Mtazame fulani, ana kiburi. Na chetu kiko chini ya mtandio, hakiumi, kinakua.

Lakini mmeona jambo moja? Bi Mwantumu hakufukuzwa pale hospitali. Alikuja kumshtaki mwenzake, akajibu maswali yasiyo yake, akamfokea daktari, na bado alipimwa na kutibiwa. Ndugu yangu, kama leo una mtu wa kumshtaki kwa Mwenyezi Mungu, usiogope, mpeleke. Ila ukishafika mbele yake, usiwe na haraka ya kuondoka. Legeza mtandio. Kaa mpaka uguswe na wewe.